Siri ya Mtungi



Wengi wenu hapa Brussels mmeniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Nikijibu "kompyuta za hospitali", mnadhani natengeneza mashine. La. Kampuni yetu huunda programu ambamo madaktari huandika mafaili ya wagonjwa, nami hurekebisha kasoro. Kwetu mgonjwa ni mstari mmoja: namba ya taifa yenye tarakimu 11, sita za mwanzo zikiwa tarehe yake ya kuzaliwa, kisha ugonjwa, kisha dawa.

Kwa kawaida tunatumia majina ya kubuni. Lakini siku moja kasoro ilijitokeza kwenye faili halisi tu. Nikapewa ruhusa, nikalifungua. Lilikuwa la mama mmoja tunayefahamiana.

Jumamosi iliyofuata tukakutana Matonge.

"Hujambo, mama? Habari za afya?"

"Mzima, mwanangu. Namshukuru Mungu."

Nami nilijua si mzima.

Je, ningefanyaje? Kwetu, ukijua mtu anaugua usimpe pole, umemkosea. Hapa, nikimpa pole, nimemwibia. Sheria ya Ubelgiji ya haki za mgonjwa ya 2002, na kanuni ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu inayotumika tangu 2018, zinanizuia kuwaambia wengine. Haziniambii niwe na uso gani mbele yake mwenyewe.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Zamani niliona kata imepewa heshima. Sasa naona haikuambiwa siri yoyote, ilitumwa maji. Siri ni mali ya mwenye kuitoa, na nilichokiona bila kuambiwa si changu, hata kikiniuma.

Wapo watakaosema huo ni ubaridi wa Ulaya. Sikubali. Kusitiriana ni adabu yetu ya tangu zamani. Mama yule aliposema "mzima", alichagua mwenyewe nijue nini, na heshima ilikuwa kuupokea uzima wake kama alivyonipa.

Basi nikasema, "Tunashukuru, mama," nikambebea mfuko wake hadi kituo cha metro cha Porte de Namur. Akaniombea baraka.

Tangu siku ile najiuliza: nisingalilifungua faili lile, ningaliubeba mfuko ule? Kama jibu ni la, basi nilichojifunza kazini si kutunza siri tu. Ni kwamba kila anayeniambia "mzima" huenda ana mfuko mzito.