Ila Mbili Zifichwazo Katika Biashara ya Motokaa Kuukuu ya Fahari

Bismillahi 'r-Rahmani 'r-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara akaharamisha riba. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, mkweli mwaminifu, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mambo yaliyoenea siku hizi katika miji ya pwani, Mombasa na Malindi, Tanga na Dar es Salaam, ni watu kununua motokaa kubwa za fahari zilizokwisha tumiwa na wengine huko Japani au Uingereza, ambako gari hupita kushoto mwa njia na usukani huwa kulia kama huku. Gari hizi ni za kimo kirefu, zina viti vya ngozi na ubaridi ndani, hupita lami na mchanga na tope; na mwenye nayo akishuka mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, macho ya watu humfuata. Mnunuzi huitamani, na papo hapo moyo humtia shaka, kwani amesikia ya kuwa gari za namna hii huharibika sana na matengenezo yake ni ghali. Basi husimama baina ya tamaa na khofu, na mara nyingi tamaa hushinda.

Na ijulikane kwanza ya kuwa kumiliki kipando kizuri si haramu wala si karaha kwa nafsi yake. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikihesabu kipando chepesi chenye raha pamoja na mke mwema, nyumba yenye nafasi na jirani mwema, katika mambo ya furaha ya mtu duniani. Na alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, alibainisha ya kuwa hicho si kiburi. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi asije mtu akamhukumu nduguye kwa sababu ya gari yake. Ubaya haumo katika chuma wala katika ngozi ya viti. Ubaya umo katika ila mbili zifichwazo: ila ya gari, aifichayo mwuzaji, na ila ya mfuko, aifichayo mnunuzi, naye humficha nafsi yake mwenyewe.

Na kabla ya kuzitaja ila hizo, yafaa kufahamu kwa nini gari iliyokuwa ya tajiri huweza kununuliwa na mtu wa kiasi. Gari ya fahari ikiwa mpya hainunuliwi ila na mwenye mali nyingi, na mwenye mali nyingi hapendi kitu kuukuu. Miaka michache ikipita huiuza akachukua nyingine. Waitakao ikiwa kuukuu ni wachache, kwani wengi waogopa gharama zake, na kwa hivyo bei yake huanguka upesi kuliko bei ya gari ndogo. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari iliyopita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza, na gari nyingi hufika bandarini zikiukaribia umri huo. Na Tanzania hutoza ushuru wa ziada juu ya gari kuukuu. Mtu huiona bei, akadhani amepata bahati. Lakini kilichoanguka ni bei ya gari, si bei ya vipuri vyake. Giaboksi yake, pampu zake na taa zake zauzwa kwa thamani ya siku ile gari ilipokuwa ya tajiri. Basi huyu ameinunua kwa mali ya mtu wa kiasi, naye atatakiwa aitunze kwa mali ya tajiri.

Na mfano wa hayo ni wazi katika gari za Kiingereza. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa watu mwaka 1948, ilikuwa gari ya shamba, yenye springi za chuma, ambayo fundi wa kijijini aliweza kuifungua kwa spana akaifunga. Mwaka 1970 ikatoka Range Rover, iliyochanganya kazi na starehe. Na tangu mwaka 1992 baadhi yake zikaanza kutiwa mifuko ya mpira yenye upepo mahali pa springi za chuma, ikijazwa na pampu na kuamrishwa na kompyuta. Starehe yake ni kubwa, gari hupita juu ya mashimo kana kwamba yaelea. Lakini mpira huzeeka ukapasuka nyufa ndogo, upepo ukavuja, pampu ikafanya kazi bila kupumzika hata ikaungua. Na mwenyewe huamka alfajiri akaikuta gari imelala upande mmoja kama ngamia aliyepiga magoti. Na wala si gari za Kiingereza peke yake. Kila gari yenye starehe nyingi ina vitu vingi vya kuharibika. Joto la pwani huyachosha mabomba na rejeta, na hewa ya chumvi huzila nyaya na viungo vyake.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili katika vyombo vya bahari. Hakuna nahodha anunuaye jahazi kwa kuitazama tanga na nakshi ya tezi. Huingoja ipwelewe, akainama akautazama mkuku na mbao za chini, kisha akahesabu kalafati na deheni ya kila msimu. Nao walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Ama ila ya kwanza, ni ile ya gari yenyewe. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono wake ndani ya fungu la chakula, vidole vyake vikapata umaji. Alipomwuliza mwenyewe, akajibu kuwa ni mvua iliyokinyeshea. Mtume akamhoji kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, na akabainisha ya kuwa adanganyaye hayumo katika watu wake. Na itazamwe vema: mtu yule hakukilowesha chakula yeye mwenyewe, mvua ndiyo iliyokilowesha, kosa lake lilikuwa kukigeuza, kikavu kikawa juu na chenye maji kikawa chini.

Kadhalika alikataza kumwacha ngamia au mbuzi bila kukamwa siku kadha ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ndiyo desturi yake. Aliyedanganywa hivyo akampa khiyari, akishamkama, amzuie au amrudishe pamoja na pishi moja ya tende badala ya maziwa. Na wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i wakalipima kwa hilo kila jambo la kudanganya macho, hata mtu kuyazuia maji ya kinu kisha kuyafungua wakati wa kuuza, ili kinu kionekane chazunguka kwa nguvu. Sasa na atazame mwenye akili yale yafanywayo leo katika viwanja vya kuuzia gari: mita ya kilomita kurudishwa nyuma, injini kuoshwa ili mafuta yavujayo yasionekane, mafuta mazito kutiwa ili injini isilie, alama za makosa kufutwa katika kompyuta ya gari, taa za onyo zikazimika siku mbili au tatu, hata fedha zikapokewa. Je, hiki si kile kiwele kilichofungwa?

Na wako wauzao husema, "Nimekuuzia kama ilivyo," wakadhani neno hili limewaosha. Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 Hijria, ameeleza katika kitabu chake Minhaj, kisomwacho katika darasa za pwani hii, ya kuwa mwenye kuuza kwa sharti ya kuepukana na ila haepukani ila na ila ya ndani ya mnyama asiyoijua. Ama aliyoijua, haepukani nayo. Na gari si mnyama ambaye leo yu mzima na kesho mgonjwa bila mtu kujua sababu. Basi aliyeiona gari yake ikichemka kila ipandapo kilima, kisha akamwuzia nduguye kama ilivyo bila kumwambia, amekula mali isiyo yake, hata akiwa ametiliwa sahihi mbele ya wakili.

Wala hukumu hii haimpati mwuzaji peke yake. Imam Ghazali amesimulia katika Ihya ya kuwa Wathila bin al-Asqa', sahaba wa Mtume, alisimama mahali palipouzwa ngamia kwa dirhamu 300. Mnunuzi akaondoka naye Wathila hana habari. Alipozindukana akamkimbilia huku akimwita, akamwuliza amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Alipojibu kuwa ni kwa kupanda, akamweleza ya kuwa kwatoni mwake mna tundu aliloliona, na hataweza kufululiza safari. Mnunuzi akarudi, na mwuzaji akapunguza dirhamu 100, kisha akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara yake; naye akamjibu ya kuwa wao walimpa Mtume ahadi ya kumnasihi kila Muislamu. Basi dalali aijuaye ila akanyamaza kwa ajili ya ujira wake, na fundi aliyeifungua injini akaona ufa kisha akasema ni nzima kwa sababu mwuzaji ni rafiki yake, na wamtazame Wathila, ambaye hakuwa mwuzaji wala mnunuzi wala dalali.

Ama ila ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu mwenye kudanganya na mwenye kudanganywa ni mtu mmoja. Mtu ana milioni mbili za shilingi alizozikusanya kwa miaka, na gari ni milioni mbili. Huona hesabu imetimia. Hamuulizi fundi, kwani aogopa jawabu. Rafiki akimwonya, husema kuwa ni husuda. Ila ya mfuko wake aijua, naye aifunika kwa kilicho kikavu kama yule mwenye chakula sokoni. Miezi sita haijapita, gari imelala. Pampu yataka fedha ya mishahara miwili. Hukopa. Akitengeneza hili, laharibika lile. Mwisho gari hukaa kwa fundi chini ya mwembe, na mtoto hurudishwa nyumbani kwa ada ya skuli, na mama mzee hungoja dawa, na mwenyewe huenda kazini kwa matatu, akijificha asionekane.

Huyu si mwenye gari, bali gari ndiyo yenye yeye. Na Mtume (s.a.w.) amefundisha ya kuwa yamtosha mtu kuwa ni dhambi kuwapoteza wale walio juu ya nafaka yake. Naye katika sala alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni, na alipoulizwa sababu ya kufanya hivyo mara nyingi, alieleza ya kuwa mdaiwa husema akasema uwongo, na huahidi akavunja ahadi. Ikiwa hili ni deni la halali, basi vipi mtu akope kwa riba ili apate kiti cha ngozi?

Lakini dini haikumwacha mnunuzi bila silaha. Sharia imempa khiyari ya kikao, avunje mapatano maadamu hawajaachana. Imempa tena khiyari ya sharti, wapatane muda usiozidi siku 3, na katika siku hizo aipeleke gari kwa fundi asiyelipwa na mwuzaji, aitazame injini ingali baridi, aiache usiku kucha aone kama italala upande asubuhi, asome yaliyoandikwa katika kompyuta yake. Na mwuzaji akataaye siku hizo 3 bila udhuru, amekwisha kusema yaliyo moyoni mwake. Kisha imempa khiyari ya ila: akiivumbua ila iliyokuwako tangu mwanzo, ana haki ya kuirudisha, ila na arudi upesi bila kukawia, wala asiendelee kuipanda, kwani kuitumia baada ya kujua ni kama kuridhika. Na kama imepata ila nyingine mikononi mwake, hamlazimishi mwenziwe kuipokea, bali hudai apunguziwe thamani. Na yote haya yaandikwe na yashuhudiwe, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani imeshuka kwa habari ya kuandikiana.

Na ila ya mfuko nayo ina fundi wake, ndiyo hesabu ya kweli. Anunuaye na agawe mali yake kabla ya kwenda sokoni: nafaka ya watu wake, madeni yake, zaka ikimwajibikia, kisha katika kilichobaki asitoe chote kwa bei ya gari, bali aweke fungu la matengenezo ya mwaka. Akiona fungu hilo halipatikani, basi gari ile si yake, hata bei yake akiiweza. Achukue iliyo ndogo, ambayo vipuri vyake viko katika kila duka na kila fundi aijua. Na akiona lapatikana, na gari imekaguliwa, na ila zake zimetajwa, na aswali istikhara, anunue, aipande kwa shukrani, na ampakie jirani yake.

Na atakayeiuza kesho, na akumbuke aliyoyaogopa siku aliyoinunua. Ile khofu yake ya siku ile ndiyo khofu ya nduguye leo. Na asimfanyie mwenziwe asilopenda kufanyiwa. Mtume (s.a.w.) amefundisha ya kuwa wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha wakadanganya, baraka hufutwa. Basi gari yenye ila iliyotajwa ni bora kuliko gari nzuri yenye ila iliyofichwa, kwani ile ya kwanza hutengenezwa na fundi, na ya pili haina fundi hata Siku ya Hesabu.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu mali ya halali na ulimi wa kweli, awakinge na deni limwangushalo mtu, na awajaalie wenye kukinai. Amin.

Wa billahi 't-tawfiq.