Je, Nchi Ndogo Hushinda Rushwa kwa Sababu Ni Ndogo?

Watu wengi wa kwetu, wakisikia lawama juu ya matabishi katika biro za serikali, hujibu hivi: «Kongo ni kubwa mno. Nani ataweza kuwaangalia makarani wote? Katika nchi ndogo kazi hiyo ni rahisi.» Jibu hilo latupendeza, maana latuondolea mzigo sisi sote. Lakini je, ni la kweli? Tutazame nchi ndogo tatu.

Guinea ya Ikweta ni ndogo sana. Mji wa Kinshasa peke yake unaipita mara nyingi kwa wingi wa watu. Katika miaka ya 1990 ilianza kupata mafuta mengi ya petroli. Fedha ziliingia kwa mlango mmoja, na watu walikuwa wachache: nchi gani ingekuwa rahisi zaidi kuiangalia? Hata hivyo, mwaka 2017 mahakama ya Paris ilimhukumu Teodorin Obiang, makamu wa rais na mwana wa rais, kwa sababu ya mali ya umma iliyoibwa, na mwaka 2021 mahakama ya juu ya Ufaransa ikaithibitisha hukumu hiyo. Angalieni vema: hukumu ilitoka Ufaransa, haikutoka kwao. Udogo haukusaidia. Tena twasema kwamba udogo waweza kudhuru. Katika nchi ndogo hakimu, polisi na mwizi wamekula sahani moja. Ni wajomba na mashemeji. Nani atamshitaki shemeji yake?

Botswana nayo ni nchi ya watu wachache. Tume moja ilichunguza ugawaji wa ardhi karibu na mji wa Gaborone, na mwaka 1992 makamu wa rais na waziri mmoja wakaacha kazi. Mwaka 1994 ikaundwa biro ya kupinga rushwa. Mkubwa wake wa kwanza alikuwa mgeni, Graham Stockwell, aliyekuwa amefanya kazi ya namna ile kule Hong Kong. Wengine watasema: aibu gani hii, kuazima mgeni! Sisi hatuoni aibu. Mtu asiye na mjomba mjini hasumbuliwi na mjomba. Lakini mgeni hurudi kwao.

Singapore ni mji mmoja tu, nao ni nchi, yenye watu kama milioni 6. Haikuzaliwa safi. Mwaka 1951 afyuni nyingi iliibwa, na polisi walikuwa ndani ya wizi ule. Kwa hiyo mwaka 1952 serikali ya Waingereza iliiondoa kazi ya kuchunguza rushwa mikononi mwa polisi, ikaunda biro ya pekee. Mwaka 1960 ikaja sheria kali. Baadaye mishahara ikapandishwa, na ile ya mawaziri ni mikubwa ajabu. Hapo sisi tunaona mashaka. Mtu anayelipwa sana ili asiibe, je, ni mwaminifu, au amenunuliwa mapema? Karani mwenye njaa, mshahara mwema humwondolea udhuru. Waziri hana njaa.

Tena mshahara haukumtosha kila mmoja. Mwaka 2024 S. Iswaran, aliyekuwa waziri, alikiri mahakamani kwamba alipokea vitu kwa matajiri wawili wenye shughuli na kazi yake: tiketi za michezo, pombe za thamani, hata baisikeli. Mshitaki wa serikali aliomba kifungo cha miezi 6 au 7. Hakimu akatoa 12.

Hapo ndipo penye jambo. Sheria iliyomfunga haikuuliza: «Uliwafanyia nini matajiri hao?» Iliuliza tu: «Nani alikupa? Naye ana shughuli na kazi yako?» Kwetu sisi kukataa zawadi ni tusi, na hatutaki desturi ya kupeana ife. Mgeni aje na kuku, tumpokee. Lakini yule kuku ameletwa kwa mtu, au ameletwa kwa kiti anachokalia? Mtu huyu asingekuwa na muhuri mkononi, angeletewa? Karani wa kijiji chochote cha Kivu aweza kuliuliza jambo hilo jioni hii, kuku akiwa bado amefungwa miguu hapo mlangoni.