Mshale Uliokwama Kwenye F

Mzee alikwama Sachangwan saa mbili usiku, geji ikimwambia tangi limejaa.

Bedford yake ina umri kunishinda. Ni ya mfululizo wa TJ, yale malori yenye pua yaliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1958. Anabebea viazi kutoka Molo hadi Nakuru mjini. Kwa kawaida Mzee haamini geji. Ana fimbo yake, anaichovya tangini na kusoma mahali dizeli ilipofika. Siku hiyo kulikuwa na mvua na alikuwa na haraka. Akaangalia dashibodi, akaona F, akaondoka.

Kama umewahi kupita barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, unajua Sachangwan si mahali pa kusimama gizani. Ndipo lori la mafuta lilipoanguka tarehe 31 Januari 2009, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, zaidi ya watu 100 wakafa. Mzee na taniboi wake walikata matawi wakayapanga barabarani kuonya magari, wakangoja hadi mtu akawaletea mtungi wa dizeli. Na injini ya dizeli ikikauka, kujaza tangi pekee hakutoshi. Hewa huwa imeingia kwenye paipu. Lazima ulegeze nati, upampu kwa mkono hadi mapovu yaishe. Yote hayo waliyafanya kwa tochi ya simu.

Kesho yake akanipigia. "Injinia, ukija wikendi uniangalilie hii geji."

Injinia. Nilikuwa nimeacha kusomea uhandisi wa umeme miezi kumi na minne kabla ya simu hiyo. Mzee hakujua.

Jumamosi nikalala chini ya lori, uani kwetu Free Area. Mfumo wenyewe ni rahisi. Ndani ya tangi kuna boya kwenye mkono wa chuma. Dizeli ikishuka, boya linashuka, na umeme unaopita kwenye waya hadi kwenye dashibodi unabadilika. Niliwasha swichi: F. Nikachomoa waya kwenye tangi nikaugusisha chesisi. Kwa geji ya aina hii, mshale ulipaswa kuanguka hadi E. Haukutikisika. Basi nikaufuata ule waya kuelekea mbele, sentimita kwa sentimita, hadi nyuma ya kebini. Hapo ulikuwa umesuguliwa na chuma miaka na mikaka, mwishowe ukakatika. Nikagusisha kipande cha upande wa dashibodi kwenye chesisi. Mzee akapiga kelele kutoka ndani: "Imeshuka!"

Kwa hiyo geji ilikuwa nzima. Ndani yake kuna koili mbili zinazouvuta mshale, moja upande wa E, nyingine upande wa F. Tangi lisipotuma chochote, ile ya F inashinda. Yaani waya ukikatika, geji inasoma kwamba tangi limejaa. Geji nyingi zilizokuja baadaye hufanya kinyume: waya ukikatika, mshale unalala E, na dereva anashtuka mapema. Hii ya Mzee huugeuza ukimya kuwa habari njema.

Nilikaa pale chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kwa miezi kumi na minne Mzee alikuwa akinipigia kila Jumapili. "Habari ya huko?" "Nzuri." Hakuwahi kuniuliza, "Je, bado unaenda darasani?" Nami sikuwahi kusema naenda. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yangu usiku nikikosa usingizi: sijadanganya, nimenyamaza tu. Na "nzuri" si ushahidi wa mahakamani. Kiswahili chenyewe kinakudai uanze na nzuri. Hata mwenye msiba huambiwa habari za nyumbani, naye hujibu, "Nzuri, ila Mama ametutoka."

Immanuel Kant aliandika insha mwaka 1797 akisema hata muuaji akija mlangoni kumtafuta rafiki yako, huna haki ya kumwambia uongo. Wengi wetu tunamwona mkali kupita kiasi. Lakini mimi hata Kant ningejaribu kumponyoka: mlangoni kwangu sikusema kitu chochote cha uongo.

Tatizo ni kwamba ukimya una msomaji. Mgeni akinyamaziwa hasomi lolote. Baba anayekutumia karo anasoma, na kwa sababu anakupenda, anasoma F. Nililijua hilo. Kila Jumapili nilitegemea mapenzi yake yaseme uongo kwa niaba yangu, kisha nikanawa mikono. Karo ya semesta nzima ilikuwa imelipa kodi ya bedsita yangu. Hizo pesa zilikuwa viazi, zilikuwa usiku kama ule wa Sachangwan. Wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu, hawakutuambia mshindo humwangukia nani. Mara nyingi si yule aliyenyamaza.

Niliunga waya, nikaufunga tepu. Mshale ukashuka hadi robo.

"Afadhali hivi," Mzee akasema. "Sasa najua."

Nikamwambia hapo hapo, mikono ikiwa bado na grisi. Ningependa kuandika kwamba alifurahia ukweli. Aliuliza, "Tangu lini?" Nikamjibu. Akauliza kuhusu karo. Nikamjibu pia. Akachukua fimbo yake, akaenda kupima tangi ambalo geji ilikuwa imeshalipima, akaingia nyumbani. Hatukuongea wiki sita.

Siku hizi ananipigia tena, ingawa neno injinia limetoweka. "Habari ya huko?" Nasema nzuri. Zamani hapo angehamia kwenye bei ya viazi. Sasa ananyamaza kwenye simu, anangoja nimalizie.