Moshi wa Uani

Wengi wetu tuliofika Sydney kutoka Kivu au Kigoma tumekula nyama na samaki wa kubanikwa tangu utotoni, lakini moto ulikuwa kazi ya bibi. Sasa uko Blacktown, una ua mdogo, na Jumamosi hii unataka kujaribu mwenyewe.

Ipake nyama chumvi usiku wa kuamkia siku hiyo. Moto uwe hafifu, kama nyuzi joto 110, na nyama ikae kando ya makaa, si juu yake. Kidari kinene cha ng'ombe huweza kumaliza siku nzima. Subira, nadhani, ndiyo kiungo adimu zaidi mjini hapa. Kuni za mti mgumu zinafaa, ironbark kwa mfano. Mbao za kuokota kwenye ujenzi usiziguse kabisa: nyingine zimetiwa dawa yenye aseniki, na moshi wake ni sumu.

Halafu kuna sheria. Siku ya marufuku kamili ya moto, hapa New South Wales, kuni na makaa haviruhusiwi hata uani kwako. Basi kabla hujawasha kiberiti, tazama tangazo la kikosi cha zimamoto, Rural Fire Service, kisha mgongee jirani umwarifu.