Goti Likigusa Nyasi

Je, mtu huhesabiwa kuwa ameanguka ikiwa hakuna aliyemsukuma? Swali hili lilinikuta mahali nisipolitarajia, katika uwanja wa shule ya sekondari huko Minnesota, Marekani, nilipokuwa mgeni wa usharika rafiki. Ijumaa jioni wenyeji wangu walinipeleka kutazama mpira wao, ule wa kubeba mikononi na kukumbana. Baridi ilikuwa kali, na koti nililoazimwa halikunitosha.

Kijana mmoja alikuwa akikimbia na mpira, mbele yake hapana mtu. Akateleza, goti likagusa nyasi, akainuka papo hapo akakimbia mpaka mwisho wa uwanja. Nikapiga makofi peke yangu. Refa alikuwa amekwisha kupuliza filimbi, na mpira ukarudishwa pale alipoanguka.

Mwenyeji wangu alinieleza. Katika ligi yao ya kulipwa, NFL, mbeba mpira aliyeteleza bila kuguswa na mpinzani anaweza kuinuka na kuendelea. Shuleni sivyo. Sehemu yoyote ya mwili wake isiyo mkono wala mguu, yaani goti, kiwiko, hata mgongo, ikigusa ardhi, ameanguka, aguswe asiguswe. Kisha akaongeza kwamba filimbi siyo inayoua mpira. Mpira umekufa tangu goti lilipogusa. Filimbi inatangaza tu.

Usiku ule sikupata usingizi. Miaka kadhaa kabla ya hapo nilichukua fedha za ujenzi wa kanisa nikalipa ada ya mwanangu. Nilizirudisha zote baada ya wiki tatu, mhazini hajahesabu. Nikajiambia nimeteleza tu, nimeinuka, hakuna aliyenigusa. Madhabahuni nilihubiri sheria ya shule, na moyoni nikaishi kwa ile ya ligi.

Tumezoea kuona kana kwamba dhambi huanza siku inapojulikana. Wazee wa kanisa huitwa kikaoni habari zikishafika sokoni. Hata habari za Daudi tunazisoma hivyo, kama vile alianguka siku Nathani alipomjia. Lakini siku hiyo mtoto wa Bathsheba alikuwa amekwisha kuzaliwa. Nabii hakumwangusha mfalme, alipuliza filimbi.

Atakayesema sheria hiyo ni kali kwa watoto, namwelewa. Ila kijana yule hakutolewa nje. Timu yake ilijipanga palepale, haikunyang'anywa hatua alizokuwa amekwisha kupata, ikacheza tena. Ugumu ulikuwa katika kurudi. Mimi nami nilikuwa nimekimbia mbali tangu pale goti lilipogusa: nimebatiza, nimefungisha ndoa, nimewakemea wengine kuhusu fedha.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa mhazini, mama mtu mzima. Nilimkuta uani akichambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imetulia juu ya ungo.

"Baba Mchungaji," akasema, "ilikuwa mwezi gani?"

Akainuka, akaingia ndani kuleta kitabu.