Matundu ya Boti na Neno "Aibu"

Ukinunua boti ya faiba iliyokwishatumika, unanunua na matundu yake. Kwenye karatasi ya mauziano hayaandikwi, lakini yapo. Mwenye boti wa kwanza alifunga viti. Wa pili akaving'oa akaweka benchi la mbao. Mmoja alipenda kuvua kwa fimbo akafunga vishikio vyake pembeni, mwingine akaleta ngazi ya kupandia, mwingine kipima kina. Kila mmoja alipoondoka aliondoka na vitu vyake. Skrubu akatia mfukoni, tundu akaliacha. Boti niliyokuwa nayo kwa ubia na shemeji yangu, ya futi 19, iliyokuwa ikilala Kunduchi, niliihesabia matundu 43 halafu nikachoka kuhesabu.

Swali linalonisumbua kuhusu matundu hayo ni hili: ukiliziba tundu vizuri mpaka lisionekane kabisa, umetengeneza au umedanganya?

Najua wapenzi wa falsafa watakimbilia meli ya Theseus, ile ambayo Plutarch anasimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wenye hekima wakaanza kubishana kama ni meli ileile au nyingine. Ni swali tamu, lakini ni swali la mbao. Jahazi ubao wake ukioza unang'olewa, unapachikwa mwingine, kalafati inapigwa upya, safari inaendelea. Boti ya faiba haina ubao wa kung'oa. Ilitoka kwenye kalibu ikiwa mwili mmoja, tabaka juu ya tabaka la nyuzi za kioo zilizolowekwa rezini. Ukiitoboa, pale ulipotoboa patabaki kuwa ni pale. Kwa hiyo mimi sina shaka kama hii ndiyo boti ileile. Shaka yangu ni nani anajua kovu liko wapi.

Na kovu lenyewe, bwana, si la kupuuza. Watu wengi hudhani faiba ni plastiki ngumu tu, ikitoboka unatia chochote basi. Lakini sehemu nyingi za boti hizi ni mkate wenye kitu katikati: ganda la faiba juu, ganda la faiba chini, na ndani yake plaiwudi au mti mwingine mwepesi wa kuipa ugumu. Ukuta wa nyuma, pale mashine inapofungwa, kwa kawaida umejengwa hivyo. Faiba haiozi. Kilicho ndani yake kinaoza. Tundu la skrubu la milimita 5 ambalo halikuzibwa sawasawa ni mlango wa maji kwenda kwenye plaiwudi, na maji yakishaingia humo hayana haraka. Yanatembea kidogokidogo kwenye nyuzi za mti, msimu hata msimu, huku nje ukuta unang'aa kama siku ulipotoka kiwandani.

Zipo njia nyingi za kuziba tundu la namna hiyo, na nyingi ni za kumridhisha mwenye macho. Wapo wanaochomeka njiti ya kiberiti na gundi. Wapo wanaopaka silikoni, na hapo fundi anayekuja baadaye atakulaani, maana ukishapaka silikoni hakuna kingine kitakachoshika mahali hapo mpaka uikwangue na kuisafisha yote. Maarufu kuliko zote ni bodi fila, ile puti ya gereji za magari. Inakauka upesi, inapigwa msasa kama siagi, ukipaka rangi juu huoni kitu. Kwenye mlango wa gari sina ugomvi nayo. Chini ya mstari wa maji ni balaa, kwa sababu yenyewe inanyonya unyevu.

Njia inayofaa inaanza kwa kuliharibu tundu zaidi, na hili huwakera wenye boti. Unalipanua kwa drili mpaka ukutane na faiba safi. Ukikuta mti umelainika, unauchokonoa kwa msumari uliopindwa, unautoa wote kuzunguka tundu. Unaacha pakauke. Unapaka epoksi nyepesi kwanza ili inywewe na mti, ndipo unajaza epoksi iliyokorezwa kwa unga wake, bila kuacha mapovu ndani. Mdomo wa tundu unaupanua kama bakuli ili kijazio kishike kwa eneo kubwa. Kama ni tundu kubwa lililopita ukuta mzima, kazi inakuwa nyingine kabisa: mafundi wa boti hufuata mteremko wa 12 kwa 1, yaani ganda la milimita 6 linataka usage kuzunguka tundu kwa upana wa milimita 72, halafu ujenge upya kwa matabaka ya faiba. Tundu la kidole linadai kiraka cha ukubwa wa sahani. Mwenye boti akiona hivyo anashika kichwa.

Sasa basi. Boti yetu tulikuwa tunaiuza, na mnunuzi alikwishapatikana, kijana anayepeleka watu kisiwani Mbudya siku za mwisho wa juma. Tulipokuwa tunaisafisha, fundi alibonyeza kwa bisibisi sehemu moja ya ukuta wa nyuma, chini kabisa, ambapo zamani kulifungwa kipima kina. Rangi ikapasuka. Chini yake bodi fila ikatoka kama meno ya mtoto, matundu manne, na kutoka mawili kati yake yakaanza kudondoka maji ya rangi ya chai. Tulikaa tukiyatazama. Yalidondoka muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Shemeji yangu si mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Aliyasema aliyoyasema kwa upole, tena kwa methali. "Shemeji, funika kombe mwanaharamu apite." Yaani turudishe fila, tupige msasa, tupake rangi, Jumamosi kijana aje na pesa zake. Nikamjibu kwa methali nami, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Akacheka. "Si ndiyo nasema tuzibe?"

Na hapo ndipo nilipoona kwamba lugha yetu inalijua jambo hili kuliko mimi. Tuna kuziba, kufunika, kusitiri, kuficha. Kwa mkono ni kitendo kimoja, kitu kinawekwa juu ya kitu ili kisionekane. Lakini anayesitiri anasifiwa. Pwani hii mtu anayemsitiri mwenzake ni mtu wa kuombewa dua, na sisi wenyewe tunaomba Mungu atusitiri. Anayeficha hana wa kumsifu. Kwa muda mrefu nilidhani tofauti iko moyoni tu, kwenye nia. Siku hizi sidhani hivyo. Shemeji yangu nia yake haikuwa ovu, alitaka tu mambo yaishe.

Kuna na neno "aibu". Kwetu ni haya, fedheha, kitu kinachokufanya uinamishe uso. Lakini kwa Kiarabu, tulikolitoa, ni kasoro, na katika sheria ya Kiislamu ya biashara lina maana yake kamili: aibu ya bidhaa ni ila inayopunguza thamani yake, na mnunuzi akiigundua baada ya kuuziwa bila kuambiwa ana haki ya kurudisha mali. Sisi tumelichukua neno la ubovu wa kitu tukalifanya la hisia ya mtu. Sishangai. Ukimwonyesha mtu tundu kwenye boti yake, anajifunika kama umemwona bila nguo. Ndiyo maana nadhani mara nyingi tunachanganya: tunaisitiri bidhaa kama vile ni binadamu. Plaiwudi haina heshima ya kulindwa. Mwenye kuhitaji stara ni mtu, na katika mauzo ya boti mtu mwenyewe ni yule atakayekaa ndani yake.

Kila aliyepita madrasa anakijua kisa cha Mtume Muhammad (S.A.W.) na muuza chakula sokoni. Aliingiza mkono ndani ya chungu ya chakula, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu, watu wakauona. Nilikuwa nikikisikia utotoni kama kisa cha wafanyabiashara waovu. Nikitazama ule ukuta wa nyuma, ulivyokavu juu na kulowa ndani, nilikisikia vingine. Yule muuzaji hakusema uongo. Mvua kweli ilinyesha. Hakuulizwa kwa nini mali imelowa, aliulizwa kwa nini kikavu ndicho kilicho juu.

Hoja za shemeji zilikuwa tatu, na nitazitaja kwa haki. Sisi tuliponunua, nani alituambia? Hii haina uzito, ingawa ndiyo aliyoirudia zaidi. Anayenunua boti ya zamani anajua ananunua nini. Hii ina ukweli nusu: anajua boti ina umri, hajui kwamba ukuta unaobeba mashine, nayo mashine ya nguvu za farasi 40 inaweza kuwa na kilo 70 mpaka 100, umeshikwa na mti uliooza. Ya tatu ndiyo iliyonitesa. "Ukimwambia ukweli mmoja," alisema, "atadhani unaficha kumi. Mwongo atauza kwa bei kamili, wewe utauza kwa hasara, na boti ya mwongo itakuwa mbovu zaidi." Ni kweli kabisa. Soko linafanya kazi hivyo na sina dawa yake.

Nililoweza kumjibu ni kwamba yeye anahesabu watu wawili, sisi na kijana. Boti inabeba wanane. Wale wanaopanda Jumapili na watoto na mabeseni ya chakula kwenda Mbudya hawana bisibisi, hawagongi ukuta, hawajui kama kuna kitu kinaitwa plaiwudi ndani ya faiba. Maelewano ya muuzaji na mnunuzi yanaweza kuvumilia ujanja mwingi, nusu ya biashara za mtumba ni hivyo. Ila yasibebe watu ambao hawakuwepo mezani.

Kazi tukaifanya. Fundi alianza kugonga ukuta kwa mpini wa bisibisi, akisikiliza panapolia kavu na panapojibu kwa sauti nzito iliyokufa. Akatoboa vitundu vya majaribio kwa ndani, akisogea mbali kidogo kila mara mpaka vumbi la mti lilipotoka jeupe na kavu. Akakata ganda la ndani, akatoa mti uliooza, pakaachwa wazi siku kadhaa pakauke, akaweka plaiwudi mpya kwa epoksi na kujenga faiba juu yake. Yale matundu manne ya nje akayapanua na kuyajaza kama nilivyoeleza. Nje akapaka rangi akaioanisha na ukuta mzima, nyeupe iliyochomwa na jua, kazi ya mtu mwenye jicho. Ndani hakupaka kitu. Kiraka kikabaki na rangi yake ya asali.

Nikamuuliza kama rangi imeisha. "Hapana, kaka. Ndani huwa sipaki. Fundi atakayekuja baada yangu aone nilipopita."

Nilimkumbuka Cesare Brandi, Mwitalia aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya urejeshaji wa kazi za sanaa iliyoanzishwa Roma mwaka 1939. Vita vilipoharibu michoro ya ukutani, pamoja na ile ya kanisa moja la Viterbo lililopigwa bomu mwaka 1944, taasisi yake ilijaza mapengo kwa mistari myembamba ya wima ya rangi za maji. Ukisimama mbali unaona mchoro mzima. Ukisogea karibu unaona mistari, na unajua mara moja mkono wa mchoraji unaishia wapi na wa mrejeshaji unaanzia wapi. Sijui kama kuna kanuni bora zaidi ya hiyo, na fundi wetu alikuwa nayo bila Roma: mpita njia hana haja ya kuona kovu, anayekuja kufanya kazi palepale lazima alione.

Bado nilijiuliza, kama kiraka sasa ni imara kuliko ukuta wenyewe, kuna nini cha kumwambia mnunuzi? Nadhani inategemea mzigo. Matundu ya vishikio vya fimbo, yaliyo juu mkavu kwenye ganda tupu, nikiyajaza nimeyamaliza, na mtu akinisimulia historia yake nitasinzia. Pale panapobeba mashine ni tofauti, kwa sababu kesho mtu atataka kufunga skrubu nyingine hapohapo.

Kijana alipokuja Jumamosi nilimpeleka nyuma, nikamwinamisha aone ndani. Alikitazama kiraka, akakigonga kwa sarafu, akauliza ilikuwaje. Nikamweleza yote, na maji ya rangi ya chai nikayataja. Alinyamaza, kisha akapunguza laki tatu kwenye bei tuliyokwishakubaliana, na shemeji yangu laki tatu hizo ananikumbusha mpaka leo, hata kwenye arusi za watu. Tukapeana mikono. Kabla hajaondoka alizunguka sakafuni, akaonyesha matundu ya viti vya zamani, yale ambayo fundi alikuwa hajayafikia.

"Na haya?"

Nikamwambia hayo ni ya viti tu, tutayaziba kabla hajaichukua.

Akasema tuyaache, ataweka benchi palepale.