Aliyetangulia njia ni shahidi, si tabibu

KATIKA miaka ya karibuni limeingia kwetu jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Mtu mzima na akili zake anakwenda hospitali kwa hiari yake, analipa fedha nyingi, ili mfuko wake wa chakula ubanwe au upunguzwe asiweze kula kama zamani. Hapa Mwanza, ambako mtu akinenepa huambiwa kuwa mji umemkubali, habari za namna hiyo husemwa kwa kunong'ona au kwa kicheko.

Lakini si jambo la kucheka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004-05 ulionyesha kuwa wanawake 18 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Utafiti wa mwaka 2015-16 uliwakuta 28 katika kila 100. Nyuma ya tarakimu hizo kuna kisukari, shinikizo la damu, na mama wa miaka arobaini anayeswali kitini kwa sababu magoti hayamruhusu kusujudu. Kwa baadhi yao, baada ya mlo na mazoezi kushindikana, madaktari hushauri hatua nzito zaidi.

Hatua hizo hazifanani, na namwomba msomaji asichoke nikizieleza, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Kuna mkanda wa silikoni unaofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, ukiwa na kifaa kidogo kama kifungo kilichowekwa chini ya ngozi. Kwa sindano daktari hutia au hutoa maji humo, na mkanda ukabana au ukalegea. Mkanda huu ulitumika sana duniani katika muongo wa 2000, kisha ukapungua. Kuna upasuaji wa kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wenyewe, kiasi cha robo tatu au zaidi, na kilichokatwa hakirudi. Na kuna puto, ambalo huingizwa kwa njia ya mdomo bila kupasua, likajazwa, likakaa miezi sita au hata mwaka kwa kutegemea aina yake, kisha likatolewa. Hospitali ya Taifa Muhimbili, kule Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma za puto na za upasuaji wa kupunguza uzito katika miaka hii ya 2020. Wengine huvuka bahari kwenda India, au kwa jamaa zao waliopo Oman na nchi jirani za Ghuba.

Najua wapo watakaouliza kwanza: Je, huku si kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu? Swali hilo wanazuoni wamelishughulikia. Baraza la Fiqhi la Kimataifa katika kikao chake cha 18, kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliona kuwa inajuzu kupunguza uzito kwa njia zinazokubalika kitabibu, hata kwa upasuaji, pale uzito huo unapokuwa ni maradhi, hakuna njia nyingine, na madhara hayatarajiwi. Kwa hiyo anayetibiwa anatibiwa, na tusimhukumu kwa kumtazama mwili.

Swali ninalotaka tulitafakari leo ni la baada ya hapo. Mtu akishatoka hospitali, nani amshauri? Na yule aliyetangulia kupita njia hiyo, ushauri wake una uzito gani, na una mpaka gani?

Nasukumwa na kisa cha mama mmoja wa hapa mjini, mfanyabiashara wa vitenge, aliyeniruhusu nikieleze bila jina lake. Alinijia kuuliza hukumu ya funga yake, na maelezo yakawa marefu kuliko swali. Alikuwa amefungwa mkanda Uarabuni alipokwenda kwa dada yake. Aliporudi Mwanza, mabaharia wa Kirumba walikuwa karibu naye kuliko daktari wake. Kwa bahati akaunganishwa na mama mwingine wa Musoma ambaye naye alikuwa amepunguza uzito kwa msaada wa hospitali. Wakawa wanapigiana simu kila baada ya Isha.

Huyo mama wa Musoma alimfaa sana. Karatasi za hospitali zilitaja vyakula vya watu wa kule, wala hazikujua kuwa huku kuna ugali wa udaga unaonata, na michembe inayovimba ikipata maji. Yeye ndiye aliyemwambia aanze na supu ya sato iliyochujwa, kisha nyama ya samaki iliyopondwa na kutolewa miiba yote, na ugali auache kabisa mpaka daktari amruhusu. Alimfundisha kutumia kisahani cha chai badala ya sahani, kutafuna mpaka tonge lilainike, na kutokunywa maji huku anakula. Alimfundisha pia cha kusema kwenye walima mwenyeji anapokasirika kuona sahani haijaguswa. Mambo hayo huwezi kuyapata katika dakika kumi za chumba cha daktari. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa wawili walikuwa wamelalia kitanda kimoja. Au ndivyo walivyodhani.

Miezi michache baadaye mama wa Mwanza akaanza kutapika. Kwanza chakula, baadaye hata uji, mwisho maji. Akampigia mwenzake. Akajibiwa kwa upole kabisa: "Vumilia mdogo wangu, hata mimi nilitapika, kitapita tu." Akavumilia. Siku ya kumi alibebwa kwenda hospitali akiwa hajiwezi kwa kuishiwa maji mwilini. Mkanda ulikuwa umeteleza kutoka mahali pake. Alhamdulillah, aliokolewa.

Sasa angalieni, ndugu zangu. Mama wa Musoma hakusema uongo hata neno moja. Alitapika kweli, na kilipita kweli. Ila yeye alikuwa amewekewa puto, na kwa mtu wa puto kichefuchefu na kutapika katika siku za mwanzo ni jambo la kawaida, ambalo hutulia. Kwa mtu wa mkanda aliyekwishapita miezi, kutapika mfululizo ni king'ora. Wote wawili walikuwa wakisema "tumbo langu limefanyiwa kazi", na neno hilo moja likaficha mambo mawili tofauti. Ukweli wa mmoja ukawa hatari kwa mwingine.

Kisa hiki kinanikumbusha kile kilichopokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.). Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akajeruhiwa kichwani. Kisha ikamlazimu kuoga janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa maadamu maji yapo, hawaoni ruhusa. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) alilaumu kwa maneno makali kuliko tunavyoweza kutarajia, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akafundisha kwamba tiba ya kutojua ni kuuliza.

Tuzingatie watu hao walikuwa nani. Walikuwa wenzake wa safari, waliompenda na kumtakia kheri. Kosa lao ni kwamba walipoulizwa jambo la jeraha, walijibu kwa kipimo cha miili yao iliyo mizima. Nia njema haikuwatoa katika lawama. Katika hadithi nyingine Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayeombwa ushauri amebebeshwa amana. Amana haipimwi kwa ukarimu wa mbebaji peke yake. Inapimwa pia kwa kuwa imefika salama kwa mwenyewe.

Hapo baadhi yenu mtasema: Basi wanyamaze wote, mambo ya tiba waachiwe madaktari. Sikubaliani na rai hiyo. Kwanza, daktari haishi nyumbani kwa mgonjwa. Pili, historia yetu wenyewe inaipinga. Tangu wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walipogunduliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo tu ya ziwa letu, miaka mingi ilipita watu wakifa kwa upweke kabla ya kufa kwa ugonjwa. Walioishi na virusi walipoanza kujitokeza na kuunda vikundi vyao, kama SHDEPHA+ iliyoanzishwa mwaka 1994, wagonjwa wengine walipata mtu wa kumwamini. Huko Unguja, ndugu zetu waliokuwa wametekwa na dawa za kulevya wakaacha, wamesimamisha soba hausi ambamo anayetaka kuacha hupokewa na aliyekwishaacha. Anapotetemeka usiku, aliye karibu yake anajua mtetemeko huo ni nini.

Kwa hiyo aliyepitia ana kitu ambacho daktari hana. Tatizo ni pale anapodhani kuwa anacho na kile alichonacho daktari. Mimi naona mfano ulio karibu zaidi na dini yetu ni wa shahidi. Shahidi mbele ya kadhi anatakiwa aseme alichokiona kwa macho yake, bila kuongeza wala kupunguza. Akishasema, kazi yake imekwisha. Hukumu si yake. Na kuficha ushahidi ni dhambi, kama ilivyo dhambi kuuzidisha.

Tukilifuata hilo, mshauri wa aina hii ana wajibu wa mambo manne. La kwanza, aanze kwa kuuliza: wewe umefanyiwa nini hasa, lini, na daktari wako alikuagiza nini? Mkanda, mkato na puto si ndugu wa baba mmoja. La pili, aseme "mimi lilinitokea hivi", asiseme "wewe fanya hivi". La tatu, aseme na machungu. Wapo wanaosimulia kilo zilizopungua tu, wakaficha kwamba nywele zilidondoka, kwamba walilia jikoni wakinusa wali, kwamba puto lilipotolewa na wao wakarudia mlo wa zamani kilo nazo zilirudi. Huo ni ushahidi nusu, nao humpeleka mwenzao hospitali akiwa na matumaini ya uongo. La nne, ajue mahali pa kunyamaza na kusema: "Hili sasa ni la daktari, vaa twende." Kutapika kusikokoma, kushindwa kushusha hata maji, maumivu makali ya tumbo au kifua, homa, moyo kwenda mbio, pumzi kubana: hayo hayangoji simu ya baada ya Isha. Na kutapika kwa muda mrefu humaliza vitamini mwilini, hata mishipa ya fahamu ikadhurika. Huko kusindikiza ndiko ushauri bora kuliko yote.

Na swali la funga alilonijia nalo yule mama nililijibu kwa njia hiyo hiyo. Qur'an (2:185) imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Mwenye mfuko mdogo hawezi kunywa maji mengi kwa mkupuo wakati wa futari, hivyo hatari ya kukaukiwa iko wazi, hasa miezi ya mwanzo. Nilimwambia hukumu ya dini, nikamwambia pia kwamba kuujua mwili wake si elimu yangu; amuulize daktari anayemtibu, kisha arudi. Mwenzake kufunga salama Ramadhani nzima si dalili kwamba naye atafunga salama.

Lakini haitakuwa uadilifu kuwabebesha mzigo wote wanawake hawa wawili. Tujiulize, kwa nini mama wa Mwanza alikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, tena wa Musoma, tena kwa simu ya usiku? Kwa sababu hapa mtaani alificha. Alipokuwa mnene aliitwa majina. Alipoanza kupungua, kwa historia yetu hii ya kando ya ziwa, watu wakaanza kuhesabu mashavu yake na kuulizana marehemu shemeji yake alikufa kwa ugonjwa gani. Angesema kweli kuhusu mkanda, wangemwita mlafi aliyeshindwa kufunga mdomo. Palipokuwa na milango mitatu, tuliifunga yote, akabaki na dirisha moja. Mtu mwenye washauri watano akipata jawabu moja lenye kasoro, wanne watamsahihisha. Mwenye mmoja hana wa kumsahihisha. Basi sehemu ya zile siku kumi za kutapika ni yetu sisi tuliosengenya, na Qur'an (49:12) imetueleza usengenyaji unafanana na nini.

Tunaweza kuanza na madogo. Mwenyeji akiona mgeni amekula matonge matatu, amshukuru Mungu kwa kuja kwake, asimlazimishe la nne kwa kiapo. Ukimwona mtu amepungua, mwulize hali yake kama ulivyokuwa ukimwuliza zamani, bila kutaja mwili. Darsa za akina mama, ambazo hazikosekani katika misikiti yetu ya Nyamagana na Ilemela, ziwe mahali ambapo mtu anaweza kusema "nimefanyiwa upasuaji huu" na siri yake ikalala hapo hapo. Pasipo sitara hakuna anayesema, na pasiposemwa hakuna wa kushuhudia.

Wale mama wawili bado wanapigiana simu. Nimeambiwa kuwa siku hizi wa Musoma akisikia dalili yoyote mpya, swali lake la kwanza ni: "Daktari amesemaje?" Wallahu a'alam.